UZI: Katriji nne, sloti mbili, na MSX2 iliyogoma. Wajuzi wa mashine za zamani njooni

MtotoWaPangani:

Wakuu, habari za jioni.

Najua humu wengi ni watu wa simu na laptop, ila niliona uzi wa redio za valvu umefika kurasa kumi na nane, nikasema basi hata mimi sitakosa mtu.

Nipo Uholanzi mwaka wa tisa sasa. Huku kompyuta za MSX, zile za kiwango kimoja zilizotengenezwa na kampuni nyingi, ziliuzwa sana miaka ya 1980 kwa sababu Philips walikuwa nyumbani, na kwenye masoko ya mtumba bado zinaonekana. Nimenunua Philips NMS 8245, hii ni MSX2 (kizazi cha pili), RAM 128 KB, na diski ya 720 KB humohumo ndani. Euro 60. Plastiki imekuwa njano kama meno ya mvuta tumbaku lakini kila kitufe kinaitika. Kilichokufa ni diski: nilipoifungua nikakuta mkanda wake wa mpira umeyeyuka, unanata kama lami ya mchana.

Ugonjwa ukaanzia hapo. Diski haisomi, nikanunua katriji (kijisanduku cha kuchomeka) ya MegaFlashROM SCC+ SD inayosoma kadi ndogo za SD. Nikaonja. Wiki mbili baadaye nikapata FM-PAC ya Panasonic kwa ajili ya muziki. Kisha katriji ya RAM ya 512 KB. Kisha Gfx9000 ya picha. Mke wangu ameacha kuuliza vifurushi ni vya nini.

Mashine ina sloti (matundu ya katriji) mbili tu, kwa hiyo nikatafuta kigawa sloti cha zamani: kibao chenye soketi nne na waya bapa unaoishia na kadi ya kuchomeka sloti 1. Hali ikawa hivi:

Kila katriji peke yake, moja kwa moja kwenye mashine: safi kabisa.

Zote nne kwenye kigawa: nembo ya MSX inatokea, skrini inabaki bluu, kimya. Mara nyingine inajiwasha upya yenyewe, inarudia.

Nikitoa ile ya SD, zikabaki tatu: inafika BASIC vizuri, ila FM-PAC haitoi hata mlio.

Nimebadilisha mpangilio karibu wote unaowezekana. Nimesafisha pini kwa spiriti na raba ya penseli. Nishike wapi?

kiroboto:

Euro 60 pamoja na hayo makatriji yote, na emuleta ya bure (programu inayoiga mashine) ipo. openMSX unapakua dakika tano. Watu mna hela.

MtotoWaPangani:

Mkuu, ningetaka emuleta ningepakua. Nataka kitu kinachonuka vumbi likipata moto.

DosiWaMtaa:

Kaka, hapo RAM mbili zinagombana. Mashine ina 128 ndani na umeongeza 512 nje, zote zinasikiliza poti zilezile. Toa RAM ya nje, mchezo umeisha.

MtotoWaPangani:

Nimetoa. SD, FM-PAC na Gfx9000 zimebaki. Bluu ileile.

FundiGerezani:

Kiongozi, usitupe kitu bado. Una matatizo matatu yaliyopanda mgongo mmoja, ndiyo maana kila ukibadilisha kitu unaona kama hakuna kilichobadilika. Ila kwanza nimsahihishe DosiWaMtaa, maana kosa hilo nalisikia kila mwaka.

RAM mbili za mapper (zile zinazopangwa kwa kurasa ili zizidi KB 64) hazigombani kwa kuwa tu ni mbili. Ni kweli zote zinasikiliza poti FCh hadi FFh (h ni alama ya namba za hex), na ukiandika namba pale zote zinaipokea kwa pamoja. Lakini kupokea namba siyo kujibu. Inayotoa data ni ile tu ambayo sloti yake imechaguliwa wakati huo, nyingine inakaa kimya. Ugomvi unakuja ukijaribu *kusoma* poti hizo, maana kuna RAM zinazojibu na kuna zisizojibu, na zikijibu mbili kwa namba tofauti unapata uji. Programu iliyoandikwa kwa adabu haisomi pale. MSX-DOS 2, mfumo wa diski, ikikuta mapper kadhaa inaifanya kubwa kuliko zote kuwa ya kwanza, na nyingine inazitambua kama akiba.

Sasa twende kwako. MtotoWaPangani, washa mashine na kigawa kikiwa sloti 1, bila katriji ya SD, halafu andika hii BASIC, utupe majibu:

FOR I=0 TO 3:PRINT HEX$(PEEK(&HFCC1+I)):NEXT

MtotoWaPangani:

0
80
0
80

Ndiyo nini hii mkuu?

FundiGerezani:

Ndiyo ramani ya nyumba yako.

Z80, chipu kuu ya mashine, inaona 64 KB tu kwa wakati mmoja. Waliobuni MSX mwaka 1983 walizikata hizo 64 katika vipande vinne vya KB 16, na kila kipande unaweza kukichukua kutoka sloti yoyote kati ya nne, kuanzia 0 hadi 3. Poti A8h ndiyo bawabu: inasema kipande hiki kinatoka sloti gani. Halafu kila sloti kuu inaweza kugawanywa tena kuwa sloti ndogo nne. Nne mara nne, kumi na sita. Ndiyo maana MSX ilizaliwa ikiwa tayari kwa jambo unalolifanya, tofauti na kompyuta nyingi za rika lake.

Hizo namba nne ni sloti 0, 1, 2, 3. Palipo na 80, sloti imegawanywa. Sloti 3 ni ya Philips wenyewe: ndani yake 3-0 ina ROM ya nyongeza ya MSX2, 3-2 ina RAM yako ya 128, 3-3 ina ROM ya diski. Sloti 1 ina 80 kwa sababu ya kigawa ulichochomeka. Sloti 2 ina 0, yaani haijagawanywa.

Fanya jambo moja. Zima. Chomoa kigawa. Weka SD peke yake sloti 1, andika mstari uleule.

MtotoWaPangani:

0
80
0
80

Subiri. Kigawa kiko mezani! Mbona sloti 1 inasema 80?

FundiGerezani:

Haya, umeliona mwenyewe.

Hiyo katriji ya SD kwa ndani ni katriji nne kwenye ganda moja: flash, SCC (chipu ya sauti), RAM ya mapper, na ROM ya diski inayoendesha kadi. Ili zikae pamoja wameweka kigawa sloti ndani yake. Kwa hiyo ulipoichomeka kwenye kibao chako, ulichomeka kigawa ndani ya kigawa.

Na hilo MSX hailijui. Fikiria nyumba ya kupanga Kariakoo. Sloti kuu ni nyumba, sloti ndogo ni chumba. Anwani yote ya MSX inaandikwa kwenye baiti moja: biti mbili za chini ni namba ya nyumba, mbili zinazofuata ni namba ya chumba, na biti ya juu kabisa inasema kama nyumba ina vyumba au haina. Basi. Hakuna mahali pa kuandika "kabati lililo ndani ya chumba".

Kwa upande wa waya mambo yako hivi. Rejista ya kuchagua chumba iko anwani FFFFh, ya mwisho kabisa. Ukiandika 0Fh pale halafu ukaisoma, sloti iliyogawanywa inakurudishia F0h, yaani biti zote zimegeuzwa. BIOS, programu ya msingi ya mashine, hutumia ujanja huo wakati wa kuwaka: anayegeuza ni kigawa, asiyegeuza ni RAM au hewa tupu. Sasa wewe una wawili kwenye nyumba moja wanaoitikia anwani moja. Ama cha nje kinameza maandishi na cha ndani hakipati habari, ama wote wawili wanajibu kwa pamoja na data inachafuka. Skrini ya bluu umeipata hapo.

Kwa hiyo kanuni ya kwanza: katriji yenye kigawa ndani yake inakaa sloti kuu, moja kwa moja kwenye mashine, daima. Ya kwako iweke sloti 1, kibao kiende sloti 2. Carnivore2 nayo ni jamii hiyohiyo, kwa wenye nayo.

kiroboto:

Samahani, mimi ndiye yule wa emuleta. Nimejaribu kwenye openMSX, mashine ya NMS 8245 na kigawa juu yake. Ukiandika slotmap kwenye konsoli yake inakuchorea sloti zote na kilichomo. Naona kweli 3-0, 3-2 na 3-3 kama alivyosema fundi. Aisee.

FundiGerezani:

Karibu sana, na hiyo ni njia nzuri ya kupanga mambo kwanza kabla ya kushika bisibisi. Ila emuleta haitakuonyesha tatizo la pili na la tatu, maana hayo ni ya shaba na umeme.

BinUnguja:

Salaam aleikum jamaa. Nipo Maskati. Mjomba alituachia Sakhr AX-170, nayo ni MSX, ya Al Alamiah wa Kuwait, Kiarabu kimo humohumo kwenye ROM. Nilikuwa naitazama kama pambo tu. Suali langu: na mimi nikitaka kuweka kigawa, nitajuaje sloti zipi zishakaliwa ndani kwa ndani? Kitabu chake kishapotea zamani, na mashine hizi naskia kila moja ina mpango wake.

FundiGerezani:

Aleikum salaam Bin Unguja. Mstari uleule wa PEEK, bila katriji yoyote ndani. Palipo na 80 usipaguse, pamegawanywa tayari. Kigawa kinaingia pale tu penye 0, tena kwenye sloti yenye soketi ya nje. Namba ya kwanza, ya sloti 0, kwa kawaida ni ya BIOS na huna kazi nayo. Na kweli, kila kampuni ilipanga RAM na ROM zake ilivyopenda. Programu zilizoandikwa ovyo kwa kudhani RAM iko mahali fulani ndizo zinazoangukia pua kwenye mashine ya kampuni nyingine.

BinUnguja:

Ahsante baba. Hiyo AX-170 ntaifuta vumbi ijumaa.

MtotoWaPangani:

Wakuu, imewaka! SD sloti 1, kibao sloti 2. PEEK inasema 0, 80, 80, 80. Nextor, mfumo wa diski wa katriji ya SD, inapakia, naona faili zangu.

Ila kigawa kikiwa na FM-PAC, RAM na Gfx9000 kwa pamoja, ikikaa dakika kumi inaganda. Na FM-PAC bado bubu.

FundiGerezani:

Umeme huo. Una mita? Pima volti za pini 45 au 47 kwenye soketi ya mwisho kabisa ya kibao, mwisho wa waya bapa, siyo kwenye mashine. Waya hasi weka pini 41.

MtotoWaPangani:

Bila katriji: 4.97
FM-PAC peke yake: 4.88
Zote tatu: 4.61

FundiGerezani:

Chipu za aina hiyo zinataka isishuke 4.75. Kwenye 4.61 zinafanya kazi kwa huruma ya Mungu, na zikipata moto huruma inaisha.

Kiwango cha MSX kinasema kila sloti itoe milliampea 300 kwenye volti 5, na 50 tu kwenye +12 na 50 kwenye -12. Hizo 300 zilihesabiwa kwa katriji moja. Wewe umetundika tatu kwenye bomba moja, tena kupitia waya bapa mwembamba unaokula volti njiani. Kibao chako hakina tundu la umeme wa nje?

MtotoWaPangani:

Lipo, dogo, la duara. Nilidhani ni la kutolea sauti 😅. Pembeni yake kuna vipini vitatu na kijumpa.

FundiGerezani:

Hicho kijumpa ndicho kinachochagua umeme utoke kwenye mashine au nje. Hakikisha kwa mita kabla ya kuamini: ukikihamisha, pini 45 ya kibao isiwe tena na mguso na pini 45 ya mashine. Usikubali adapta mbili zisukume waya mmoja. Pini za hasi zibaki zimeungana, hizo usizikate. Tumia adapta ya 5V iliyotulia, ampea 2 inatosha, na pima polariti ya tundu kwanza, wa zamani wengine waliweka hasi katikati.

Jambo watu wanasahau: washa zote kwa swichi moja, soketi ya ukutani. Mashine ikiwaka huku kibao kimezimwa, umeme unajipenyeza kwenye chipu za katriji kupitia waya za data, na chipu inayolishwa kwa mlango wa nyuma haiishi sana.

Nyali64:

Mimi ni mtu wa Commodore 64, niko Toronto, nimekuwa nikisoma kimya kimya. Nyinyi watu wa MSX mnalia na bado mna mashamba. Sisi kwa C64 tuko na soketi moja nyuma, na poti za katriji ni kurasa mbili tu, DE00 na DF00, baiti 256 kila moja. Kila mtu alijichukulia. RAM ya REU iko DF00, katriji ya Action Replay nayo inataka DF00 ileile. Halafu kuna waya mbili, GAME na EXROM, ambazo katriji zote zinazivuta. Kigawa chetu ni swichi: unazima hii ndio uwashe ile. Na kitabu cha Commodore kinasema poti ya katriji na ile ya vifaa (user port) kwa pamoja zisizidi milliampea 450. Hiyo story ya umeme ni ileile kila mahali.

FundiGerezani:

Nyali64 umenikumbusha. Kwenye MSX nako kuna upande ambao sloti haziwezi kukusaidia: poti za I/O. Poti hazijui nyumba wala chumba. Katriji ikiwa kwenye sloti yoyote ile, poti yake inasikika mashine nzima. Kwa hiyo kabla ya kununua uliza katriji inatumia poti gani. FM-PAC: 7Ch na 7Dh. MSX-AUDIO, ya sauti: C0h na C1h. MoonSound, ya sauti pia: C4h hadi C7h, pamoja na 7Eh na 7Fh. Gfx9000: 60h hadi 6Fh. Hizo hazigusani, zinaweza kukaa pamoja maisha. Lakini Gfx9000 mbili kwenye mashine moja, hapana.

Faida yake ipo pia: Gfx9000 na MoonSound hazina ROM inayoonekana kwenye kumbukumbu, kwa hiyo hazijali ziko sloti ipi. Ukibanwa na nafasi hizo ndizo za kusukuma mwisho wa kibao. Yenye ROM, kama FM-PAC, ipe sloti ndogo ya kwanza, maana BIOS inapita 0-0 hadi 3-3 kwa mpangilio.

Na kibao kiwe kimeunganisha pini 10, BUSDIR. Vibao vya bei rahisi huiacha. Matokeo yake kuandika kwenye poti kunafika, kusoma hakurudi.

MtotoWaPangani:

Nimepata adapta. Kijumpa nimekihamisha, nimepima, pini 45 zimetengana. Zote tatu ndani: 4.96 soketi ya mwisho. Imekaa saa mbili bila kuganda.

Imebaki FM-PAC. Nikiandika CALL MUSIC inanijibu Ok. Kisha PLAY #2,"CDE" nayo inapita bila kosa. Sauti hakuna. Nikiitoa nikaichomeka sloti 2 ya mashine moja kwa moja, inaimba.

FundiGerezani:

CALL MUSIC isingejibu Ok kama ROM haionekani. Sloti ziko sawa, poti ziko sawa, chipu inaimba. Inaimba chumbani na mlango umefungwa. Sauti ya katriji inaingia kwenye mashine kwa pini 49, SOUNDIN. Weka mita kwenye mlio, ncha moja pini 49 ya soketi, nyingine pini 49 ya kadi inayoingia kwenye mashine. Pima soketi zote nne.

MtotoWaPangani:

Soketi ya 1: kimya.
Ya 2: kimya.
Ya 3: kimya.
Ya 4: kimya.
Pini 49 zenyewe kwa zenyewe, soketi hadi soketi: zinalia.

FundiGerezani:

Basi soketi zimeungana, kilichokatika kiko kati ya soketi ya kwanza na kadi. Angalia waya bapa, wa pili kutoka ukingoni.

MtotoWaPangani:

Wakuu nacheka peke yangu huku jikoni.

Waya haujakatika. Nimefungua kile kibano cha plastiki kinachouma waya kwenye kadi. Meno hamsini, arobaini na tisa yametoboa ganda la waya, jino la 49 limepinda limelala pembeni, halijawahi kugusa shaba tangu kiwandani. Unaliona kwa lenzi: waya wake hauna hata alama ya kutobolewa. Kibao hiki kimezunguka kwa watu miaka yote bila kutoa sauti na hakuna aliyejua.

Sikulinyoosha jino, niliogopa kulivunja. Nimelehemu kipande cha waya mwembamba kutoka pini 49 ya soketi ya kwanza hadi kwenye kadi. CALL MUSIC, PLAY #2,"CDE".

Imeimba. Mtoto ametoka chumbani kuuliza ni simu ya nani.

Mpangilio wangu wa sasa: sloti 1 SD. Sloti 2 kibao chenye umeme wake: 2-0 FM-PAC, 2-1 wazi, 2-2 wazi, 2-3 Gfx9000. RAM ya 512 nimeitoa kwa sababu nimegundua katriji ya SD ina 512 zake ndani. Kwa hiyo DosiWaMtaa, ulikosea sababu ila RAM imetoka kweli.

DosiWaMtaa:

Nimeshinda kwa mezani 😂

FundiGerezani:

Kazi safi. La mwisho, ukikuta mchezo wa zamani unalalamika kumbukumbu haitoshi: ROM ya diski ya ndani bado inajikatia RAM yake hata kama mkanda umeyeyuka. Shika SHIFT wakati wa kuwasha, itajiondoa. Na michezo mingine ya zamani haiangalii sloti ndogo kabisa, inatafuta kwenye sloti kuu pekee. Kwa hiyo ukitumia Game Master, katriji ya Konami ya kusaidia michezo yake, toa vyote: Game Master sloti 1, mchezo sloti 2, bila kibao.

BinUnguja:

Hiyo RAM ya 512 ulotoa, unaiuza?

MtotoWaPangani:

Njoo PM.